Si Kweli, Baba Yupo

Ukitaka kumharibia Chozi siku, huna haja ya kumtukana. Mwambie tu, "Hebu lia kidogo tukuone," basi, umemmaliza. Na watu wa mji wake, kwa wema wao, walimwambia hivyo kila walipomtia machoni: kwenye foleni ya benki, kwa kinyozi, mlangoni mwa hoteli alikopiga gitaa jioni nne kwa wiki. Daktari wa meno alimwambia hivyo akiwa ameshamtia koleo mdomoni, kisha akacheka mwenyewe. Chozi alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mvi zimeshamwingia juu ya masikio, ana bendi yake na ana goti linalomuuma kila mvua ikikaribia. Hayo hayakumhusu mtu. Kwao alikuwa bado yule mtoto wa miaka minane mwenye kaptura iliyomzidi kiuno, anayelia ndani ya runinga kila Alhamisi jioni.

Alikuwa hajalia tangu ana miaka kumi. Hilo hawakulijua, na wangelijua wangelifanyia mzaha pia.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya familia moja iliyoandamwa na kila balaa. Chozi alichukuliwa awe kitinda mimba wa familia hiyo, mtoto wa kupita nyuma ya watu wazima akibeba sahani. Katika sehemu ya tatu mwandishi alimtaka alie kidogo, na alipolia, nchi nzima ililia naye. Kuanzia hapo mwandishi akapata njia ya mkato: kila alipoishiwa na la kuandika, alimliza mtoto. Mbwa akafa. Nyumba ikaungua. Kaka akafungwa jela kwa kosa ambalo hata mwandishi hakulielewa vizuri. Na kila Alhamisi watu waliweka leso karibu na sahani zao za chakula, wakamlilia mtoto wa wenzao kwa raha zao.

Lakini mtoto wa miaka minane halii kwa kuambiwa lia. Mwongozaji wa tamthilia alikuwa mtu mwembamba mwenye koti la mifuko mingi, ambaye pale studio walimwita Mzee Kata kwa sababu ya neno alilolitamka mara nyingi kuliko jina la mkewe, ingawa wakati huo hata miaka arobaini hakuwa ameifikisha. Kwa kilio kile cha kwanza alijaribu vitunguu. Akajaribu dawa ya kuchua, ile yenye harufu kali, akampaka mtoto chini ya macho. Mtoto alikodoa macho mekundu, akapiga chafya, akauliza kama anaweza kwenda kucheza.

Ndipo mama yake Chozi alipoinuka. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kamera, chupa ya chai miguuni, sweta la mtoto mapajani. Alimvuta Mzee Kata pembeni akamweleza kwamba mwanawe anaogopa kitu kimoja tu duniani. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, wiki mbili yuko njiani, siku tatu yuko nyumbani. Redio ikitaja ajali yoyote, mtoto hali chakula mpaka baba apige simu. Mama alisema hayo kwa nia njema. Ndivyo alivyodai baadaye, na mimi sina mizani ya kupimia nia za watu. Ninachojua ni kwamba alimpa mtu baki ufunguo wa mlango ambao hata yeye mwenyewe alipaswa kubisha hodi kwanza.

Basi utaratibu ukawa huu. Taa zikishawekwa sawa, Mzee Kata alichutama mbele ya mtoto, akamshika bega la kushoto, akamtia mdomo sikioni: "Baba yako amepata ajali. Hatarudi." Machozi yakamwagika, kamera ikanywa. Ikishashiba, Mzee Kata akapaza sauti, "Kata!" Hapo ikawa zamu ya mama. Alikuja na kitambaa, akamfuta mwanawe uso, pembe zote mbili za macho, akamwambia maneno manne: "Si kweli, baba yupo." Mtoto akapewa soda.

Utauliza kama mtoto hakuzoea. Alizoea na hakuzoea. Mzee Kata hakuwa mjinga. Kila mara alitia chumvi mpya. Mara lori limetumbukia mtoni, mara limeshika moto, mara breki zimekatika mlimani, na kila mara alitaja mji ambao baba alikuwapo kweli siku hiyo, kwa sababu mama alishamwambia asubuhi. Mtoto alijua ni uongo na bado moyo ulimruka, kwa sababu vipi kama leo si uongo? Kwa miaka miwili walimuua baba yake zaidi ya mara thelathini, na mara zote alifufuka kwa maneno manne ya mama.

Halafu ikafika Jumanne moja.

Siku hiyo walikuwa kwenye ukumbi wa hospitali, hospitali ya mbao nyembamba zilizopakwa rangi nyeupe ambazo ukiziegemea zinayumba. Chozi ameshatimiza miaka kumi. Mzee Kata alichutama, akamshika bega, akasema, "Baba yako amepata ajali. Hatarudi." Akanyamaza. Hakutaja mto wala moto wala mji. Hata machoni hakumtazama. Chozi alimwona mtu aliyechoka, aliyeishiwa na hadithi, akamhurumia kwa dharau ya kitoto. Akatabasamu.

"Lori limepinduka wapi leo, mzee?" aliuliza.

Kuna waliocheka. Mpaka rangi, yule mama wa kuwapamba waigizaji, hakucheka. Aliweka brashi chini akatoka nje. Walirudia mara tisa na tone halikutoka, hadi ikabidi wamrudishie dawa ya kuchua kama zamani. Kisha "Kata!" ikasemwa, mama akaja, akamfuta mwanawe uso kwa kitambaa, pembe zote mbili za macho, na hakumwambia neno. Chozi aliliona hilo. Alidhani mama naye amechoka.

Nyumbani walikuta viti vimepangwa uani na viatu vimejaa mlangoni. Wanawake walikuwa wakilia. Na hapa ndipo mtoto alipofanya kosa ambalo mtoto wa dereva mwingine yeyote asingelifanya: alisimama getini akaanza kutafuta kamera. Alitazama juu ya bati la jirani, alitazama nyuma ya tangi la maji. Aliona wamepanga vizuri sana safari hii, viti vya kweli, majirani wa kweli. Baba yake mdogo alipomkumbatia akiwa na mashavu yaliyolowa, Chozi alimnusa, akitafuta harufu ya dawa ya kuchua.

Alikaa karibu na mama akasubiri. Walipokwenda kuzika kesho yake alisubiri. Udongo ulipoanza kumwagwa alimkazia mama macho, akisubiri mtu apaze sauti aseme kata, ili mama aje na kitambaa na maneno yake manne. Mtu hakusema. Watu walishika majembe wakafukia kaburi mpaka likawa tuta, wakaondoka, na yeye bado anasubiri.

Shangazi yake, dada wa marehemu, alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Kwenye runinga analia kama bomba lililopasuka," alisema mbele ya watu. "Kwa baba yake mzazi, hata tone! Haya ndiyo mnayoyaita kipaji?"

Neno hilo lilimkaa Chozi rohoni miaka thelathini na mitatu.

Machozi yalikataa kabisa kuanzia hapo. Studio walivumilia miezi miwili, kisha wakamuua kwa homa katika tamthilia na wakaleta mtoto mwingine. Siku aliyokufa kwenye runinga, watu walipeleka maua studio mpaka mlinzi akakosa pa kukaa. Kaburi la dereva lilikuwa bado halijaota hata jani.

Muziki aliupata pale pale studio, na aliupata kwa hasira. Kwenye chumba cha sauti alikuwapo mzee mmoja mpiga kinanda, mtu wa maneno machache, ambaye kazi yake ilikuwa kuweka muziki chini ya kilio. Chozi alizoea kujificha kwake kati ya kilio na kilio. Siku moja mzee alimwonyesha picha yake akilia bila muziki, kisha akamwonyesha tena na muziki. Bila muziki alikuwa mtoto anayetokwa na kamasi tu. "Umeona?" mzee alimwambia. "Huwalizi wewe. Nawaliza mimi." Mtoto mwingine angeumia. Chozi aliona mlango wa kutokea.

Akajifunza kinanda, akahamia kwenye gitaa, na alipofika miaka kumi na saba alikuwa ameshaingia kwenye bendi. Alitaka kukaa nyuma, mahali ambapo mtu anatazamwa vidole tu. Hawakumwacha. Kila kiongozi wa bendi aliyemwajiri, kila mshereheshaji aliyeshika maiki, alimsukuma mbele: "Na kwenye gitaa, mabibi na mabwana, Chozi! Mnamkumbuka?" Wakamkumbuka. Wakampigia makofi kabla hajagusa uzi, wakaacha kusikiliza alipougusa. Alitoa albamu mbili. Ya kwanza watu waliinunua wakitafuta kilio, hawakukiona, wakaitupa. Ya pili hawakuinunua. Gazeti moja liliandika kwamba mikono yake inajua kila kitu lakini mwenyewe hayupo nyumbani. Aliikata habari hiyo akaiweka ndani ya sanduku la gitaa, na kila alipofungua sanduku aliisoma, ili chuki isipoe.

Chuki yenyewe aliielekeza kwa mtu mmoja, Mzee Kata. Mama alimwondoa kwenye hesabu. Mama alikuwa amemweleza mapema, tena zaidi ya mara moja, kwamba simu ya msiba iliingia ofisini kwa Mzee Kata, na Mzee Kata aliificha mpaka kazi ilipokwisha. "Mimi niliambiwa baadaye, mwanangu. Wakati nakufuta uso ndiyo kwanza nimeambiwa." Chozi aliamini. Alihitaji kuamini, maana mtu hawezi kuchukia kila upande na bado akapata pa kula chakula cha Jumapili. Kila Jumapili kwa miaka yote hiyo alikwenda kwa mama yake, akamtengenezea bomba linalovuja au mlango unaogoma, akala, akaosha sahani. Mzee Kata alikuwa shetani na mama alikuwa mama. Ilikuwa dunia mbaya, lakini alijua kila mtu amekaa wapi.

Katika dunia hiyo alitunga wimbo mmoja. Ulimchukua miaka kumi na moja. Ulihusu mlango wa lori unavyofungwa asubuhi na mapema na mtu anayejaribu kuufunga polepole asimwamshe mtoto, wakati mtoto yuko macho. Hapakuwa na zaidi ya hayo. Mtu wa kwanza kuusikia alikuwa mpiga besi wake, jitu la watu lililoitwa Kabati kwa sababu ya mabega, ambaye ndiye peke yake mjini aliyekataa kumwita Chozi, alimwita kaka. Kabati aliusikiliza hadi mwisho, akalaza besi chini, akatoka nje kuvuta sigara, akarudi.

"Huu usiuimbe hotelini, kaka," alisema. "Wale wanakula."

Ndipo Mzee Kata alipopiga simu. Kituo cha runinga kilikuwa kinaadhimisha miaka thelathini na mitano ya tamthilia ile, kipindi cha Jumamosi alasiri, moja kwa moja hewani, na yeye, na miaka yake sabini na mitatu na fimbo yake, ndiye aliyeombwa kukiongoza.

"Mwanangu!" alisema, kwa sauti ya kuvika mtu kilemba cha ukoka. "Bila wewe kipindi hakina mguu."

"Mimi si mwanao."

"Haya, si mwanangu. Unataka nini ili uje?"

Chozi alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Angeweza kuikata. Lakini nchi nzima ingekuwa inatazama, na ndani ya sanduku la gitaa ulikuwapo wimbo mmoja ambao ungesikika sawasawa ungemfuta yule mtoto wa kaptura mara moja, watu wakaanza kumwita mwanamuziki. Alitaka hilo kuliko alivyotaka kulipiza kisasi. "Wimbo wangu," alisema. "Wote, dakika nne. Hakuna picha za zamani nyuma yangu. Hakuna wa kuniambia nilie."

"Dakika nne," alisema Mzee Kata. "Hewani hakuna wa kukukata hata akitaka."

Jumamosi ilipofika, mama alikuwa ameshashona gauni jipya la buluu. Kituo kilimwalika akae mstari wa mbele, akafurahi kama bi harusi, akamsimulia jirani, akamsimulia hata mwenye duka la mkaa. Studio ilikuwa jengo lile lile, ukumbi ule ule mwembamba unaonuka rangi na nyaya zilizopata moto. Kiti cha plastiki hakikuwapo tena. Waliweka viti vya kitambaa. Kabati alijibanza na besi yake upande wa kushoto, akafunga uzi wa kwanza, akaufungua, akaufunga tena.

"Ukiwa tayari nitakufuata," alisema. "Usikimbie tu."

Chozi alikaa kwenye kigoda katikati, gitaa pajani. Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Ndipo aliposikia fimbo ikigonga sakafu. Mzee Kata alikuja mpaka mbele yake, akaegemeza fimbo kwenye kigoda, na kwa taabu, goti likilia kama mlango mbovu, akachutama. Akamshika bega la kushoto. Akamtia mdomo sikioni.

"Simu ya baba yako aliipokea mama yako," alisema Mzee Kata. "Saa tatu asubuhi. Mimi nilitaka tufunge kazi. Yeye ndiye aliyesema tumalize kwanza."

Akainuka, akachukua fimbo yake, akarudi gizani nyuma ya kamera.

Kama mtu mwingine angeambiwa hivyo, angesema ni uongo wa mzee mshenzi anayetafuta machozi. Na alikuwa akitafuta machozi, hilo halina ubishi. Miaka thelathini na mitano hakuwa amejifunza njia nyingine. Lakini Chozi alimjua mwalimu wake. Mzee Kata alipodanganya alitaja mto na moto na breki. Mara moja tu katika maisha yake alisema jambo bila chumvi, akanyamaza, siku ile ya Jumanne, na mtoto akamcheka. Leo tena hakutia chumvi.

Taa nyekundu ikawaka.

Chozi alianza kupiga. Vidole vilijua kazi yao, havikumngoja. Kabati akaingia na besi pale pale walipozoea. Utangulizi wa wimbo ulikwisha, ukafika mahali pa kuimba, Chozi hakuimba, akaurudia. Ukakwisha tena, akaurudia. Kabati alimtolea macho. Mama, kwenye mstari wa mbele, alikuwa ameona mzee akichutama, ameona bega likishikwa, na mikono yake ilikuwa imekamata mkoba kana kwamba kuna mtu anamnyang'anya. Chozi alimtazama uso. Alikuwa ameutazama uso ule Jumapili zaidi ya elfu moja na mia tano, akitengeneza mabomba, akila, akiosha sahani.

Akaacha kupiga. Akachomoa maiki kwenye mguu wake wa chuma, akashuka jukwaani na gitaa likimning'inia kifuani, akapiga magoti mbele ya gauni la buluu. Kabati aliendelea peke yake kidogo, kisha besi nayo ikanyamaza.

"Mama," alisema, na nchi ikasikia. "Sema si kweli."

Ni maneno mawili tu aliyomwomba. Mama alikuwa ameyasema zaidi ya mara thelathini, mbele ya taa hizi hizi, mengine mawili juu yake na soda. "Mwanangu," alisema, "nilihofia watakubadilisha. Walikuwa na mtoto mwingine nje pale, kwenye benchi, wamemvalisha kabisa. Nikasema kuwahi saa moja hakutamfufua baba yako..." Kisha akalia. Alilia vibaya, mdomo wazi, poda ikichuruzika mpaka kwenye kola mpya.

Kule gizani Mzee Kata alikuwa ameinua kidole, anakizungusha: sogea, sogea zaidi. Mpiga picha akasogea. Chozi aliijua ishara ile. Ilizungushwa juu ya kichwa chake miaka miwili mizima. Kamera ikapita begani kwake ikaenda kunywa uso wa mwanamke wa miaka sabini, na katika kila nyumba yenye runinga mtu alinyoosha mkono kutafuta leso.

Na tuseme ukweli: alimwacha. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu, Chozi alimwacha mama yake ndani ya mwanga ule. Alitaka wamwone. Alitaka shangazi, kama bado ana macho, amwone. Halafu akamsikia mama akivuta kamasi, sauti ndogo ya kitoto, na akamwona anaangaza macho huku na huku juu ya vichwa vya watu, akitafuta mtu wa kusema lile neno.

Akainuka. Akaweka kiganja chote juu ya kioo cha kamera.

"Kata," alisema.

Hakuna aliyekata. Hewani hakuna wa kukata, aliahidiwa.

"Nimesema kata!"

Sauti ilipasua maiki. Fundi mmoja kule juu, Mungu amjalie, alibonyeza kitufe, na nchi nzima ikaonyeshwa tangazo la sabuni ya unga. Wimbo wa mlango wa lori haukuimbwa. Dakika nne zake zilikwisha kwa sabuni, na jina lake jipya tangu siku hiyo ni Kata, maana watu wa mji wake hawakosi la kusema.

Mzee Kata alimsubiri ukumbini, ameegemea fimbo, anahema kwa furaha. "Ungelia wewe ingekuwa bora zaidi," alisema, "lakini mama naye hakutuangusha." Chozi alimwangalia mtu yule aliyemchukia maisha yake yote, akatafuta ile chuki ampige nayo, akakuta imeondoka. Ilikuwa imeshapata mwenyewe. Kabati ndiye aliyemsukuma mzee pembeni kwa bega, polepole, kama mtu anayehamisha kiti.

Walimpeleka mama nyumbani kwa gari bovu la Kabati. Mama alikaa nyuma na Chozi, akieleza, akisimama, akianza upya: benchi, yule mtoto aliyevalishwa, saa tatu asubuhi, jinsi alivyokaa kwenye kiti cha plastiki akiwa mjane na mwanawe hajui. "Nilidhani utalia ukifika nyumbani," alisema. "Nilidhani nitakueleza vizuri ukishalia."

"Nilikusubiri, mama. Makaburini. Nilikusubiri uje na kitambaa."

Waliposimama getini jua lilikuwa bado juu ya mabati, na majirani walishatoka kila mmoja mlangoni kwake, wamefunga runinga zao ili waje kutazama vizuri zaidi. Mama hakushuka. Uso wake ulikuwa umechafuka poda na machozi.

"Utakuja kesho?" aliuliza. "Kesho Jumapili."

Chozi alitoa kitambaa mfukoni. Akamfuta uso, taratibu, pembe zote mbili za macho, na hakumwambia neno.